Kunasua gari bondeni: funzo la mabonde ya Qurayyat

Leo tunawapeleka Qurayyat, mji wa wavuvi na wakulima wa mitende ulio katika mkoa wa Muscat nchini Oman, kusini mashariki mwa mji mkuu. Wanahistoria huukumbuka mji huu kwa sababu ya mwaka 1507, pale Wareno wakiongozwa na Afonso de Albuquerque walipoushambulia na kuupora. Hata hivyo adui aliyewasumbua watu wa Qurayyat kwa muda mrefu zaidi hakuja kwa merikebu. Hushuka kutoka milimani, naye ni maji ya wadi.

Wadi ni bonde la mto ambalo kwa sehemu kubwa ya mwaka huwa kavu. Hatari yake ni kwamba mvua inaweza kunyesha mbali milimani, ilhali aliye bondeni anaona jua tu. Milima yenye mawe matupu haiyanywi maji. Huyateremsha yote kwa pamoja, na kwa muda mfupi njia kavu hugeuka mto unaoviringisha mawe.

Kwa karne nyingi mabonde hayo, kama vile Wadi Dayqah na Wadi al-Arbaeen, ndiyo yaliyokuwa njia za misafara ya ngamia na punda. Sultan Qaboos bin Said aliposhika madaraka mwaka 1970, Oman ilikuwa na kilomita 10 hivi tu za barabara ya lami. Waomani waliorejea kutoka Zanzibar na bara la Afrika Mashariki baada ya mapinduzi ya 1964, na hasa baada ya 1970, waliikuta nchi ambayo magari yake yalifuata nyayo za ngamia. Mwenye ngamia alisubiri maji yapungue, kwa kuwa hakuwa na la kufanya. Mwenye gari alipata kishawishi kipya, cha kudhani kwamba injini inaweza kushindana na mto.

Haiwezi. Maji yenye kina cha sentimita 30 yanatosha kuliinua gari dogo. Yakifika sentimita 60, hubeba magari mengi, yakiwemo makubwa yanayoendeshwa kwa magurudumu yote manne. Gari likishaelea, usukani na breki havina kazi tena.

Ufundi wa kunasua magari nao ulizaliwa majini. Mwaka 1916, huko Chattanooga katika jimbo la Tennessee nchini Marekani, fundi aitwaye Ernest Holmes aliitwa kumsaidia rafiki yake ambaye gari lake la Ford lilikuwa limetumbukia katika kijito. Kwa kamba, mbao na nguvu za wanaume kadhaa, kazi hiyo iliwachosha kupita kiasi. Holmes aliporudi katika gereji yake alifunga nguzo, kapi na mnyororo juu ya gari kuukuu, na hapo likapatikana gari la kuvuta magari, lile ambalo wengi Afrika Mashariki huliita brekidauni. Leo mji huo una jumba la makumbusho la kazi hiyo, na nje yake upo ukuta wa kuwakumbuka wavutaji waliofariki wakiwa kazini. Ukuta huo unatueleza kwamba mwenye kuokoa naye yumo hatarini.

Jangwani, mwalimu mwingine alikuwa Ralph Bagnold, afisa Mwingereza aliyevuka mchanga wa Misri na Libya katika miaka ya 1920 na 1930. Badala ya kutegemea kuvuta kwa nguvu, alipunguza upepo wa matairi na kuweka mabamba ya chuma chini ya magurudumu. Aligundua jambo ambalo madereva wa Oman wanalijua vyema: kwanza punguza mzigo, ondoa mchanga mbele ya magurudumu, kisha ndipo ufikirie kamba.

Wapenzi wasikilizaji, kwa nini kamba iwe ya mwisho? Wahandisi wa kijeshi hukadiria kwamba gari lililozama kwenye tope kwa kina cha magurudumu linahitaji nguvu ya kuvuta inayolingana na uzito wake wote. Tope likifika kwenye madigadi, nguvu hiyo huwa mara mbili. Kwa hiyo gari la tani 2 laweza kuhitaji nguvu ya tani 4. Nguvu hiyo yote hukaa ndani ya kamba au waya. Ikikatika, hurudi kama mjeledi, na waya wa chuma waweza kuua. Kadhalika kile kichwa cha chuma cha kufungia tela hakikutengenezwa kwa kazi hii. Kimewahi kung'oka, kikaruka na kupasua kioo, na madereva wakapoteza maisha.

Ndiyo maana wenye uzoefu hufunga kamba kwenye ndoano zilizoshikamana na fremu ya gari, huweka blanketi zito juu ya waya ili kuupunguzia kasi ukikatika, na huwaweka watazamaji mbali kuliko urefu wa kamba. Ndani ya magari hubaki madereva wawili tu, na mtu mmoja pekee ndiye anayetoa ishara.

Lakini katika wadi ipo kanuni inayotangulia zote hizo, nayo ni kutoingia bondeni kabla maji hayajapungua. Mwezi Juni 2007 kimbunga Gonu kiliipiga pwani ya Oman, na Qurayyat ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika vibaya. Watu wapatao 50 walikufa nchini humo. Miaka mitatu baadaye, Juni 2010, kimbunga Phet kiliiletea Qurayyat mvua ya zaidi ya milimita 400, katika nchi ambayo mji wake mkuu hupata wastani wa milimita 100 hivi kwa mwaka mzima. Mwaka 2012 lilizinduliwa bwawa la Wadi Dayqah, lenye uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo milioni 100. Bwawa hilo limesaidia, ila haliwezi kuzuia kila wadi. Sheria ya trafiki ya Oman nayo humwadhibu dereva anayevuka kwa makusudi wadi inayotiririka.

Waarabu wa Ghuba wana neno faz'a, yaani watu kukimbilia kumsaidia aliyepatwa na shida. Ni desturi njema, na Qurayyat haikosi watu wa namna hiyo. Kiswahili kimelichukua neno la asili hiyo hiyo kuwa fadhaa, yaani wasiwasi na kuchanganyikiwa. Penye gari lililokwama maana hizo mbili hukaribiana mno.

Afrika Mashariki tumeyaona kwa macho yetu. Tarehe 10 Agosti 2019 huko Morogoro, Tanzania, watu walilizunguka lori la mafuta lililopinduka, wengine wakichota mafuta. Moto uliolipuka uliua zaidi ya watu 100. Tarehe 4 Desemba 2021, katika mto Enziu, kaunti ya Kitui nchini Kenya, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kuvuka mafuriko, na zaidi ya watu 30 wakafa maji huku wengine wakitazama kutoka ukingoni.

Wazee wetu walisema, haraka haraka haina baraka. Maji ya wadi huja kwa kishindo, lakini mara nyingi hupungua baada ya saa chache. Gari lililozama laweza kuvutwa kesho, au lisivutwe kabisa, na hasara yake ikahesabika kwa riali au shilingi. Mtu aliyelifuata majini hana hesabu hiyo.