Ugonjwa na Utawa: Bernadette Soubirous katika Konventi ya Nevers, 1866–1879

Bernadette Soubirous hukumbukwa zaidi kwa matukio ya Lourdes ya mwaka 1858. Miaka 13 ya utawa wake hupewa nafasi ndogo, ilhali ndiyo inayodhihirisha jinsi konventi ya Ufaransa ya karne ya 19 ilivyomchukulia mtawa asiyemudu kazi.

Alizaliwa mwaka 1844, binti wa msaga nafaka aliyekuja kufilisika. Kipindupindu cha mwaka 1855 kilimdhoofisha, na pumu haikumwacha tena. Alipokelewa Nevers Julai 1866. Oktoba akawa mahututi, hata Askofu Forcade akapokea nadhiri zake kitandani. Akapata nafuu, na kwa mujibu wa utaratibu akarejea unovisi, kisha akaweka nadhiri hadharani tarehe 30 Oktoba 1867. Siku hiyo wenzake walipangiwa vituo. Yeye alibakizwa nyumbani, kana kwamba hafai kitu.

Alipewa kusaidia katika chumba cha wagonjwa, na huko alionesha umahiri ambao wakuu wake hawakuutarajia. Hata hivyo, muuguzi huyo mara kwa mara alilala katika vitanda vilevile alivyovihudumia. Miaka ya mwisho kifua kikuu kilishambulia mfupa wa goti, naye akafariki tarehe 16 Aprili 1879, akiwa na umri wa miaka 35.

Mlezi wake wa unovisi, Mama Marie-Thérèse Vauzou, hakuwahi kushawishika juu ya utakatifu wake. Vauzou alifariki mwaka 1907. Mchakato wa kumtangaza Bernadette mtakatifu ulifunguliwa mwaka 1908.