Namba Haina Kabila

Sisi Wazaramo wa Dutumi tuna utani na Wanyamwezi tangu enzi za misafara ya pwani. Mtani humtukana mtani hadharani, lakini ukifiwa ndiye anayeshika shughuli. Vijana wa leo wanaona ni mzaha tu. Kumbe ni mapatano ya watu wasio ndugu kwamba wataishi pamoja.

Mapatano ya namna hiyo yalihitajika sana kwenye mashamba ya mkonge. Zao lenyewe lililetwa na Mjerumani, Dk. Richard Hindorf, mwaka 1893, ikafika miche 62 tu iliyo hai. Baadaye likatapakaa Tanga, Morogoro hadi huku kwetu Pwani. Kazi ilikuwa ngumu na mshahara kiduchu, basi wenye mashamba wakafuata watu mbali: Kigoma, Songea, Singida, hata Ruanda-Urundi. Mwaka 1944 wakaunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU. Kibarua wa mkataba alipewa namba, na jina la manamba linatokana na namba hiyo.

Kambini, mashamba mengi yaliwapanga watu kikabila. Mha huku, Mngoni kule. Waliogawanyika hawagomi kwa pamoja! Lakini kipande kilikuwa kimoja: kadi ya siku 30 za kazi. Usipomaliza ngwe yako, siku haihesabiwi, uwe Mha, uwe Mngoni. Shida hiyo moja, ikisemwa kwa Kiswahili, ndiyo iliyojenga chama cha wafanyakazi wa mashamba, ambacho Victor Mkello alikuja kukiongoza. Mwaka 1958 wafanyakazi wa Mazinde waligoma zaidi ya miezi miwili. Hakuna kabila moja linaloweza hilo peke yake.

Ulibaki ukuta wa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Nairobi, Makhan Singh, mzaliwa wa Punjab, alishaanza kuubomoa mwaka 1935 kwa kufungua chama chake kwa watu wa rangi zote. Mkoloni alimkamata mwaka 1950, akamwachia 1961.

Uhuru ulipokuja, Mkello alihamishiwa Sumbawanga kwa amri ya serikali, Januari 1963. Mwaka 1964 vyama vyote vikafutwa, ikaundwa NUTA kwa sheria. Umoja ukabaki, ila sasa ulitoka juu.

Ndugu msomaji, hapo ndipo penye somo. Manamba hawakuambiwa na mtu wasahau makabila yao. Walikaa, wakataniana, wakazikana, wakagoma. Umoja wa kuamriwa huvunjwa kwa amri nyingine. Wa kujijengea una wenyewe wa kuulinda.