Mishipa ya Shingo na Barabara ya Tunduma

Ateri mbili za karotidi hupanda pande mbili za shingo kupeleka damu kwenye ubongo. Mafuta na chokaa vikijikusanya pale zinapogawanyika, njia hubana. Damu ikiganda juu ya uchafu huo na bonge likachomoka, mgonjwa hupata kiharusi. Miller Fisher, daktari wa Kanada, aliueleza uhusiano huo mwaka 1951. Miaka mitatu baadaye madaktari wa London walichapisha habari za mgonjwa waliyemkata sehemu iliyobana na kuunganisha upya ateri yake.

Kuiona sehemu hiyo kulikuwa kugumu. Mwaka 1927 Mreno Egas Moniz alianza kudunga dawa ndani ya ateri ya shingo na kupiga eksirei. Picha zilisaidia sana, ila kipimo chenyewe kiliweza kuleta kiharusi. MRI, iliyotokana na kazi ya Paul Lauterbur ya mwaka 1973, haihitaji sindano ya ateri wala mionzi ya eksirei. Mawimbi ya redio yanayorudiwarudiwa hufifisha nyama iliyotulia, huku damu mpya inayoingia iking'aa. Lakini panapobana damu huvurugika, mng'ao hupotea, na mbano huonekana mkubwa kuliko ulivyo. Dawa ya gadolini inayodungwa kwenye vena, iliyoenea miaka ya 1990, ilipunguza sana kosa hilo. Tangu 2006 wenye figo zilizoshindwa hupewa dawa hiyo kwa tahadhari kubwa.

Usahihi huo una uzito, kwani uamuzi wa kupasua hutegemea asilimia ya mbano. Mwaka 1991 majaribio mawili, la Amerika Kaskazini na la Ulaya, yalionyesha kuwa upasuaji huwafaa waliokwisha kupata dalili na wenye mbano wa asilimia 70 hadi 99.

Nchini Tanzania, utafiti wa 2003 hadi 2006 ulihesabu wagonjwa wapya wa kiharusi. Baada ya umri kusawazishwa, Dar es Salaam ilikuwa na 316 kwa kila watu laki moja kwa mwaka, wilaya ya Hai 109. Nyanda za Juu Kusini, iliko mikoa ya Mbeya na Songwe, hazikuwamo.

Mkoa wa Songwe ulikatwa kutoka Mbeya mwaka 2016, makao makuu yakiwa Vwawa, lakini rufaa bado inafuata barabara ileile ya malori ya Zambia: kutoka mji wa mpakani wa Tunduma hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ni takriban kilomita 100, na hadi Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, ni zaidi ya 900. Mwaka 2021 sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa kukabili UVIKO-19 ilitumika kununua mashine za CT scan na MRI kwa hospitali za umma. Hata hivyo umbali unabaki kuwa sehemu ya tiba, maana hatari ya kiharusi cha pili ni kubwa zaidi katika siku za mwanzo, na upasuaji hufaa zaidi ukifanywa ndani ya wiki mbili tangu dalili. Kwa hiyo utrasaundi ya shingo, inayoweza kufanyika karibu na nyumbani, ndiyo ya kutangulia. MRI hufuata kwa yule ambaye utrasaundi imemwonyesha mbano.