Safu ya Lugha: Runinga 'imechomeka'?

Kwa mafundi wa Nakuru, Njoro na Molo, runinga nene za zamani bado zinaletwa, na mwenye nayo husema: "Fundi, TV imechomeka." Neno hilo halifai hapo. Kuchoma ni kutia motoni kwa kusudi, kama nyama choma. Tena ni kudunga, kama mwiba. Katika maana hiyo ya pili, kuchomeka ni kupenyeza kitu mahali pake: shati ndani ya suruali, plagi ukutani. Fundi wa Dar es Salaam akiambiwa runinga imechomeka, huenda akaelewa kwamba imeunganishwa na umeme! Kilichoshikwa na moto bila kukusudiwa kimeungua. Aliyesababisha ameunguza, kama mpishi na ugali.

Hata hivyo, si kila ubovu ni kuungua. Fyuzi hukatika. Kapasita huvimba kichwa au huvuja, na hubadilishwa kwa nyingine yenye mikrofaradi zilezile na volti zisizopungua za ile ya kwanza. Rizista iliyogeuka nyeusi ndiyo iliyoungua kweli. Fyuzi ikibadilishwa bila kutafuta kilichoikata, huenda ikakatika tena, ndiyo maana maneno ya mteja yana uzito. Mweleze fundi ulichokiona: runinga ilitoa moshi, ilizima ghafla stima iliporudi, au picha ilisinyaa ikawa mstari mmoja katikati ya kioo. Usiifungue mwenyewe, tafadhali, kwa sababu kapasita na kioo chake huweza kuhifadhi umeme hata baada ya plagi kuchomolewa.