Baba Katoka na Suti, Kumbe ni Mlinzi: Vichekesho vya Ushua na Uswazi Vimetoka Mbali

Wadau, mnamkumbuka Papa Shirandula? Kwa ambao hamkuwahi kuipata Citizen TV ya Kenya: baba mwenye tumbo lake anaaga nyumbani kapiga suti, na mkewe Wilbroda anajua mume anaenda ofisini. Akifika kazini suti inavuliwa, sare ya ulinzi inavaliwa. Kumbe baba ni mlinzi wa getini! Jioni suti inarudi mwilini, anarudi nyumbani kuwa bosi. Kuanzia 2007 mpaka 2020 watu walicheka uongo huo huo na wala haukuchosha.

Kwa nini haukuchosha? Mimi naona ni kwa sababu hatuucheki umaskini wake. Tunacheka anavyohangaika kuuficha kwa watu anaokula nao sahani moja. Hapo ndipo anapoachana na vichekesho vingi tulivyorithi huku kwetu.

Turudi nyuma kidogo. Enzi za Mjerumani na Mwingereza, pwani hii ilitawaliwa na ngoma ya beni. Watu wanajipanga kama jeshi, wamevaa sare, wamejipa vyeo vya kizungu. Dar es Salaam vilivuma vikundi viwili, Marini na Arinoti. Marini ndio walijiona wa kishua, makarani na watu waliopita shule. Arinoti walikuwa watu wa chini, vibarua na waliokuja mjini kutoka bara. Yaani TV haijazaliwa lakini watu wameshagawana nani wa juu na nani wa chini, na wanatambiana kwa ngoma.

Vichekesho vyenyewe, vile vifupi vya jukwaani, vilikua humo humo kwenye miji ya ukoloni, na sinema bubu za Charlie Chaplin zilichangia. Mhusika aliyependwa kuliko wote ni mshamba. Kaja mjini, haelewi kitu, au ni mtumishi wa ndani anayeharibu kila anachotumwa. Miaka ya 1980 vikundi kama Muungano na Mandela vilikuwa vinazunguka kumbi na baa za Dar. Kwa kiingilio kimoja unapata ngoma, sarakasi, taarabu na kichekesho. Na wa kuchekwa mara nyingi ni yule yule, mtu wa shamba.

Sasa ije TV. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, sisi Bara tukasubiri mpaka 1994! Serikali ya Mwalimu iliona ni anasa ya wachache, itazidi kutenganisha wa mjini na wa kijijini. Unaweza kuilaumu, ila kwa hilo la kutenganisha haikukosea sana. Uliza mtu yeyote aliyekulia huku Ubena, barabara ya Morogoro. TV moja, nyumba moja, nusu ya kijiji dirishani. Ukigombana na mtoto wa mwenye TV, wiki hiyo huoni kitu. Halafu usiku wa Desemba 31, 2012 Dar ikazimiwa analojia, na asiye na king'amuzi akabaki na kioo cheusi. Kwa hiyo vichekesho vya tajiri na maskini tuliviangalia kwenye kitu ambacho chenyewe kilikuwa kinatupanga nani anakaa kwenye kochi na nani anasimama nje.

Kwenye ITV walikuwepo Kaole, jina moja na yale magofu yetu ya hapa Bagamoyo. Humo ndimo walimopita Kanumba na Ray kabla ya Bongo Movie. Wale walikuwa zaidi watu wa tamthilia, ugomvi wa familia kwa kwenda mbele. Ze Comedy ndio walioleta mabadiliko, kwanza EATV, halafu 2008 wakahamia TBC na kuwa Orijino Komedi. Waliigiza viongozi na wasomaji wa habari. Kwa mara moja kicheko kikapanda juu badala ya kushuka.

Mshamba hakufa lakini. Panda basi lolote la Morogoro uangalie kioo cha mbele: Majuto, Kingwendu, Senga. Kingwendu ndio kanifikirisha zaidi. Ametengeneza jina kwa kuwa mtu wa kijijini asiyejua mambo. 2015 akagombea ubunge Kisarawe kupitia CUF, hapa hapa mkoa wetu wa Pwani, akashindwa. Siasa zake mimi hazinihusu. Ila jiulize wangapi walianza kucheka kabla hajafungua mdomo kusema sera.

Papa Shirandula hukumcheka hivyo. Charles Bukeko, aliyemwigiza, alifariki Julai 18, 2020 na igizo likaishia hapo. Lakini yule baba wa suti bado yupo, siku hizi yuko kwenye status.

Kuna jamaa namjua, jina kapuni. Yuko Dar, anabeba mizigo ghalani. Picha zake zote kapiga kwenye majengo ya vioo. Mama yake kijijini kashatangazia majirani kwamba mwanangu ni meneja, na kwa kuwa ni meneja, ada ya mdogo wake anamwachia yeye, bati za nyumba anamwachia yeye. Hajawahi kukataa. Anakopa kwenye zile programu za mikopo ya simu, anatuma, mwisho wa mwezi wanampigia kumtishia. Anakula mlo mmoja kwa siku ili aendelee kuwa meneja.

Juzi mama kapiga simu. Anakuja mjini mwezi ujao, anataka aione hiyo ofisi. Jamaa kaniuliza suti ya kukodi inapatikana wapi Kariakoo.