Nyumba kwa Pauni Moja

Mwaka 2013 Baraza la Jiji la Liverpool, katika Uingereza, lilitangaza jambo ambalo wengi waliolisikia walidhani ni mzaha. Lilisema kwamba litauza nyumba 20 kwa bei ya pauni moja kila nyumba. Kwa fedha za Kenya za mwaka ule, hizo ni shilingi zisizofika 150. Wala hizo hazikuwa vibanda. Zilikuwa nyumba za matofali, zilizojengwa kwa safu katika enzi ya Malkia Victoria, ukuta wa moja ukiegemea ukuta wa jirani yake. Basi wewe, msomaji, una haki ya kuuliza: yawezekanaje, katika nchi tajiri, nyumba ya mawe na matofali kuuzwa kwa bei ya mkate?

Ili kupata jibu yatupasa kurudi nyuma. Liverpool ilitajirika kwa bandari yake, na sehemu kubwa ya utajiri huo wa kwanza, tusisahau, ilitokana na biashara ya watumwa. Mwaka 1931 jiji lilikuwa na watu zaidi ya 800,000. Kisha mambo yakageuka. Mabomu ya Wajerumani yalivunja mitaa mingi katika miaka ya 1940 na 1941. Baada ya vita baraza lenyewe liliwahamisha watu kwa maelfu na kuwapeleka katika miji mipya iliyojengwa nje ya jiji. Zilipokuja meli za makontena, kazi iliyofanywa na mamia ya wachukuzi ikawa kazi ya watu wachache na mashine zao. Ilipofika mwaka 2001, watu waliobaki walikuwa kama 440,000. Mji ulioshonwa kwa mwili mkubwa sasa ulivaliwa na mwili mdogo.

Hata hivyo watu kupungua hakutoshi kuyaeleza mahame haya. Tazama mtaa wa Granby, katika sehemu ya Toxteth. Hapo walikaa watu wa asili nyingi: Waafrika wa Magharibi, watu wa visiwa vya Karibi, na Wasomali ambao baba zao walikuwa mabaharia katika meli za Waingereza. Mwezi wa Julai 1981 ghasia kubwa zilizuka Toxteth, kwa sababu ya ukosefu wa kazi na jinsi polisi walivyowatendea vijana weusi. Tangu hapo, wakazi wengi waliamini kwamba mtaa wao ulikuwa unaadhibiwa kwa kuachwa. Barabara moja baada ya nyingine ilibomolewa, hata zikabaki nne tu.

Mwaka 2002 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa katika maeneo tisa ya kaskazini na ya katikati ya nchi. Shabaha ilikuwa kuinua bei ya nyumba zilizokosa wanunuzi, na njia mojawapo ilikuwa kuzinunua nyumba za zamani, kuzibomoa na kujenga mpya. Wenye nyumba wakalipwa wakaondoka. Madirisha yakafungwa kwa mabati na mbao. Lakini mwaka 2011 serikali nyingine ilikata fedha za mpango huo, na kazi ikaachwa nusu. Wenyeji walikwisha kwenda, wajenzi hawakuja. Wezi wakang'oa mabomba, mvua ikaingia kwa mapaa. Kwa hiyo nyumba nyingi zilizouzwa kwa pauni moja zilikuwa zimefanywa tupu kwa amri na fedha za watu wale wale waliosimama sasa kuzinadi. Mimi naona hili ndilo jambo la kukumbukwa kuliko ile pauni.

Tena pauni haikuwa bei yenyewe. Mnunuzi alitakiwa awe mtu anayeishi au kufanya kazi Liverpool, asiyepata kumiliki nyumba, tena mwenye kazi. Alipaswa kuitengeneza nyumba katika muda wa mwaka mmoja, na kukaa humo miaka mitano pasipo kuipangisha. Matengenezo yaligharimu makumi ya maelfu ya pauni, kwani palihitajika paa, sakafu, umeme, mabomba, na pengine ukuta mzima. Mwaka huo huo wa 2013 baraza la Stoke-on-Trent liliuza nyumba 33 kwa pauni moja moja, lakini pamoja nazo lilitoa mkopo wa hadi pauni 30,000 kwa kila nyumba. Hiyo ilikuwa busara, maana mwenye mkono mtupu hawezi kununua gofu hata akipewa bure. Pamoja na masharti yote hayo, Liverpool ilipoongeza nyumba 150 mwaka 2015, watu zaidi ya 2,000 waliandikisha majina yao.

Wazo hili halikuzaliwa Uingereza. Mwaka 1973 mji wa Wilmington katika Marekani ulianza kuwagawia watu nyumba zilizohamwa, na Baltimore ukafuata upesi kwa kuziuza kwa dola moja. Mtaa wa Otterbein huko Baltimore ulikuwa umekwisha kuondolewa watu wake. Zaidi ya nyumba 100 zikagawiwa kwa kura mwaka 1975. Leo ni mtaa wa watu wenye nafasi. Waliohamishwa kwanza si wao walionufaika.

Wamarekani waliupa mpango huo jina lililotokana na sheria ya mwaka 1862, wakati wa Rais Lincoln, iliyompa mlowezi ekari 160 kwa sharti la kukaa na kulima miaka mitano. Ardhi ile nayo iliitwa tupu, ingawa Wahindi Wekundu walikuwa wenyeji wake. Msomaji wa Kenya, anayejua habari za Sheria ya Ardhi ya Mfalme ya mwaka 1902, hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Turudi Granby. Wakazi wachache waliokataa kuondoka, wengi wao wanawake, walifagia barabara, wakapanda maua mbele ya nyumba zilizozibwa, wakapaka rangi mbao za madirisha, wakafungua soko la kila mwezi. Mwaka 2011 waliunda chama cha kumiliki ardhi kwa pamoja, nacho kikapata nyumba kumi. Nyingine zilipangishwa, nyingine ziliuzwa kwa bei iliyofungamanishwa na mishahara ya mtaa, ili zisije zikawapanda wenyeji kichwani. Wasanifu wa kundi la Assemble waliofanya kazi nao walipewa Tuzo ya Turner mwaka 2015, tuzo ambayo kwa kawaida hupewa wasanii.

Nyumba mbili katika safu ile ziliharibika mno hata hazikufaa kukaliwa tena.  Mwaka 2019 zilifunguliwa kama bustani ya mtaa chini ya paa la kioo, na miti inamea pale palipokuwa na vyumba vya watu.