Uchungu wa Msesewe

Katika vihamba vya Uru, juu ya mji wa Moshi, na hasa kandokando ya mito na mifereji ishukayo kutoka mlimani, huota mti mrefu ambao Wachaga huuita msesewe. Ukikatwa hutoa utomvu mweupe. Matunda yake ni madogo, ya mviringo, nayo yakiiva huwa meusi yakaliwa na ndege. Lakini sifa ya mti huu haikutokana na tunda, bali na gome.

Gome hilo hukaushwa, hutwangwa na kuchemshwa, na uchungu wake hutiwa katika mbege, pombe ya ndizi mbivu na kimea cha ulezi. Ndizi peke yake ni tamu mno. Msesewe huukata utamu huo, kama hopsi zifanyavyo katika bia ya Ulaya. Kipimo ni ulimi wa mpikaji, wala si jambo dogo, maana mbege ndiyo inywewayo katika posa, matambiko na mapatano.

Wazungu wa Afrika ya Kusini waliuita mti huu “mti wa kwinini”, na jina hilo limepotosha wengi. Hata leo baadhi ya maelezo ya kigeni husema kwamba mbege hutiwa gome la kwinini. Kwinini ya kweli hutoka katika mti wa sinkona, wenyeji wake milima ya Andes, nayo ilitengwa na Pelletier na Caventou huko Paris mwaka 1820. Wajerumani waliupanda sinkona Amani, katika milima ya Usambara. Na wakati wa vita ya 1914–1918 majeshi ya Lettow-Vorbeck, yalipopungukiwa na dawa, yalikunywa maji ya gome lake lililochemshwa, kinywaji kibaya walichokiita kwa mzaha Lettow-Schnaps. Basi nchi moja ilikuwa na vinywaji viwili vya gome chungu, na ulimi ulikuwa shahidi dhaifu wa kuvitenganisha.

Kemia ilivitenganisha. Msesewe, Rauvolfia caffra kwa jina la kitaalamu, hauna kwinini. Jamii yake ilipewa jina la Leonhard Rauwolf, tabibu Mjerumani wa karne ya 16. Ndugu yake wa Bara Hindi, Rauvolfia serpentina, ulitumiwa na waganga wa huko kutuliza wenye wazimu tangu zamani, nao ndio uliowapa wanakemia wa Ciba, mjini Basel, reserpini mwaka 1952. Dawa hiyo hushusha shinikizo la damu kwa kumaliza akiba ya viini ambavyo neva hupelekeana habari, na ikizidi huweza kumtia mtu huzuni nzito. Gome la msesewe nalo lina alkaloidi nyingi za ukoo huo. Mojawapo, raukafrisini, imechukua jina lake kutoka kwa mti huu wenyewe.

Kwa hiyo mgonjwa wa malaria alishwaye msesewe kwa kuitegemea kwinini hapati kwinini hata chembe, na siku azipotezazo katika homa ile huweza kumgharimu uhai.